Kabla Hamjaruhusu Kompyuta Ifomatiwe: Somo kwa Kamati za Sharika



Somo la robo hii ni la vitendo. Tangu sharika zetu zilipoanza kutunza hesabu, orodha za watoto wanaofadhiliwa na taarifa za miradi ndani ya kompyuta, ofisi ya miradi imepokea kilio cha aina moja mara nyingi: "Kompyuta imekufa, fundi anasema ifomatiwe." Kwa kompyuta yenye mifumo miwili, yaani Windows na Ubuntu katika diski moja, mara nyingi kilio hicho hakina msingi. Kompyuta haijafa na kumbukumbu hazijapotea. Kilichoharibika ni programu ndogo inayofanya kazi kwa sekunde chache tu baada ya kubonyeza kitufe cha kuwashia. Tunataka kila kamati ijue tofauti hiyo kabla ya kutoa ruhusa ya kufuta chochote.

1. Kwa nini mifumo miwili?

Baadhi ya wafadhili wametuuliza kwa nini kompyuta walizotuma zimewekewa mfumo wa pili. Sababu ni tatu.

Kwanza ni virusi. Katibu wa usharika huchukua flashi, hupanda daladala hadi mjini Arusha au Usa River, huchapisha taarifa steshenari, kisha hurudi na virusi ndani ya flashi hiyo hiyo. Virusi vingi vya namna hii vimetengenezwa kwa ajili ya Windows na havifanyi kazi ndani ya Ubuntu.

Pili ni umri wa kompyuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya masasisho ya bure kwa Windows 10. Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, kikiwemo kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kompyuta mpakato ambayo bado ni nzima, lakini imekataliwa na Windows 11, inaweza kuendelea kuhudumu miaka kadhaa kwa Ubuntu. Mfumo huu hutolewa bure. Ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake lina maana ile ile ya utu tunayoifahamu Waswahili. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo programu huria si jambo geni hapa nchini.

Tatu, hatuwezi kuiacha Windows moja kwa moja, kwa sababu programu ya uhasibu inayotumiwa na baadhi ya sharika hufanya kazi ndani ya Windows tu. Ndiyo maana mifumo yote miwili hukaa pamoja, kila mmoja katika sehemu yake ya diski.

2. Bawabu wa kompyuta

Unapobonyeza kitufe, Windows au Ubuntu haianzi mara moja. Kwanza huamka programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Katika kompyuta za zamani programu hiyo huitwa BIOS, na katika za sasa huitwa UEFI, ingawa mafundi wengi huziita zote BIOS. Programu hiyo hukagua vifaa, kisha husoma orodha fupi inayosema ni nani aitwe kwanza. Anayeitwa ni programu ya kuwashia. Kwa Ubuntu programu hiyo inaitwa GRUB. Ndiyo inayoonyesha orodha ya kuchagua mfumo, na mtumiaji akishachagua, humfungulia mlango.

Tunaweza kuiita bawabu. Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 9 tunasoma habari za mabawabu wa nyumba ya Mungu, waliolala kuizunguka nyumba hiyo na kuifungua kila asubuhi. Bawabu akiugua, watu watasimama nje, lakini vyombo vya ndani viko palepale. Kumwambia fundi afomati diski kwa sababu GRUB imeharibika ni sawa na kuteketeza ghala la mahindi kwa sababu kufuli limeshika kutu.

Katika kompyuta za UEFI, mabawabu wote wawili, wa Windows na wa Ubuntu, hukaa katika sehemu moja ndogo ya diski iitwayo EFI. Sehemu hiyo kwa kawaida ni ya mamia machache tu ya megabaiti. Mafaili ya usharika hayakai humo. Hilo ndilo jambo la kukumbuka kuliko yote.

3. Tambueni ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Andikeni neno kwa neno kile kinachoonekana kwenye skrini, au kipigeni picha kwa simu. Dalili zifuatazo ndizo tunazokutana nazo.

(a) Kompyuta inaingia Windows moja kwa moja bila kuonyesha orodha. Mara nyingi hili hutokea baada ya sasisho kubwa la Windows. Bawabu wa Ubuntu yupo, ila ameshushwa chini katika orodha. Zimeni, washeni tena huku mkibonyeza kitufe cha kuingia BIOS. Kwa Dell kwa kawaida ni F2, kwa HP ni F10, na kwa Lenovo nyingi ni F1 au F2. Tafuteni ukurasa wa "Boot", pandisheni "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager", hifadhini na mtoke. Hakuna kinachofutwa.

(b) Orodha inaonekana, lakini Windows haimo. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB imeacha kutafuta mifumo mingine yenyewe. Ingieni Ubuntu, fungueni faili /etc/default/grub kwa mamlaka ya msimamizi, na wekeni mstari huu:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Kisha katika dirisha la amri andikeni:

sudo update-grub

(c) Skrini nyeusi yenye maneno "grub>" au "grub rescue>". Bawabu ameamka lakini haoni mafaili yake. Ulizeni kwanza: je, kuna mtu aliyefuta au kubadilisha ukubwa wa sehemu za diski akiwa ndani ya Windows ili kupata nafasi? Windows huziona sehemu za Ubuntu kana kwamba hazina matumizi, na mtu asiyefahamu anaweza kuzifuta. Kama sehemu ya Ubuntu bado ipo, fuateni hatua za kipengele cha 5. Kama imefutwa, msiandike kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Ileteni ofisini.

(d) Maneno "SBAT self-check failed", kisha kompyuta inajizima. Dalili hii ilienea duniani kuanzia tarehe 13 Agosti 2024. Siku hiyo Microsoft ilitoa sasisho la kuzuia mabawabu wa zamani wenye kasoro ya usalama. Sasisho hilo halikukusudiwa kugusa kompyuta zenye mifumo miwili, lakini nyingi ziliguswa, na Ubuntu ikakataa kuwaka. Microsoft ilirekebisha tatizo hilo katika masasisho ya Mei 2025. Hata hivyo, kompyuta iliyokaa kabatini muda mrefu inaweza bado kuwa nalo.

Dawa yake ni hii: ingieni BIOS na kuzima "Secure Boot", washeni Ubuntu, katika dirisha la amri andikeni:

sudo mokutil --set-sbat-policy delete

Zimeni na kuwasha tena, mwingie Ubuntu mara moja zaidi, msasishe programu zote, ndipo mrudi BIOS kuwasha tena "Secure Boot". Msiiache imezimwa, kwa kuwa ni ulinzi. Lakini msiiguse kabla ya kusoma kipengele cha 4.

(e) Maneno "No bootable device" au "Boot Device Not Found". Hapa kunaweza kuwa na ugonjwa wa kifaa chenyewe. Angalieni tarehe ndani ya BIOS. Kama imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha, na katika kompyuta za zamani mipangilio inaweza kuwa imejirudia ya kiwandani. Betri hiyo hubadilishwa. Kama diski yenyewe haionekani kabisa ndani ya BIOS, inawezekana imelegea au imekufa. Hilo ni la fundi.

4. Ufunguo wa tarakimu 48

Windows ina ulinzi uitwao BitLocker, ambao hufunga diski nzima kwa siri. Katika kompyuta nyingi za sasa ulinzi huu hujiwasha wenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku zote mtumiaji hauoni. Lakini mtu akibadilisha "Secure Boot" au mpangilio mwingine wa BIOS, Windows inaweza kusimama na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo diski haifunguki, si kwa fundi wa Arusha wala kwa Microsoft wenyewe.

Je, ufunguo huo uko wapi? Kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya mtu wa kwanza aliyeiandaa kompyuta. Hapa ndipo kamati nyingi zinapokwama. Katika usharika mmoja kwenye miteremko ya Mlima Meru, kompyuta ya mradi wa maji iliandaliwa na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, kwa akaunti yake binafsi. Alimaliza muda wake akarudi kwao. Zaidi ya mwaka baadaye mtu mmoja alibadilisha mipangilio ya BIOS akijaribu kurekebisha orodha ya kuwashia, na skrini ya buluu ikadai ufunguo. Ndani yake mlikuwa na hesabu za mabomba, michango ya kaya kwa miaka mitatu, na taarifa iliyotakiwa na mfadhili mwisho wa mwezi. Ilibidi atafutwe kijana yule kwa barua pepe, naye kwa neema ya Mungu alijibu na kutuma tarakimu zile. Asingepatikana, kazi ya miaka mitatu ingepotea ikiwa salama kabisa ndani ya diski isiyofunguka.

Kwa hiyo, leo hii, kompyuta ikiwa bado nzima, fungueni ndani ya Windows dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na muandike:

manage-bde -protectors -get C:

Zikitokea tarakimu 48, ziandikeni kwenye karatasi nakala mbili. Moja ikae katika kasha la usharika pamoja na hati, nyingine iletwe ofisi ya miradi ndani ya bahasha iliyofungwa. Zisibandikwe kwenye kompyuta yenyewe, wala zisitumwe katika kundi la simu.

5. Kumrudisha bawabu kwa flashi

Kwa dalili (c), na pale ambapo njia nyingine zimeshindikana, inahitajika flashi ya Ubuntu. Itayarisheni mjini, penye intaneti nzuri, kwa kuwa faili lake ni karibu GB 6. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na toleo liwe jipya, kwa maana flashi ya zamani inaweza kukataliwa kwa sababu ile ile ya SBAT.

Hatua ya kwanza: Washeni kompyuta kwa kutumia flashi. Kwa Dell na Lenovo nyingi orodha ya kuchagua hupatikana kwa F12, kwa HP ni F9. Kama flashi inaonekana mara mbili, chagueni yenye neno UEFI. Kisha chagueni kujaribu Ubuntu, si kuisakinisha.

Hatua ya pili: Kabla ya kurekebisha lolote, fungueni kabrasha la mafaili, chomekeni diski ya nje na mnakili hesabu, orodha na taarifa zote. Mara nyingi mafaili ya Windows nayo yanasomeka kutoka hapa, isipokuwa pale diski ilipofungwa na BitLocker. Kamati nyingi zimeshangaa kuona "kompyuta iliyokufa" ikitoa mafaili yote. Baada ya hapo hofu huisha, na kazi hufanyika kwa utulivu.

Hatua ya tatu: Fungueni dirisha la amri na mtazame sehemu za diski:

lsblk -f

Sehemu yenye neno ext4 kwa kawaida ndiyo ya Ubuntu, na ndogo yenye neno vfat kwa kawaida ndiyo ya EFI. Msiichanganye na flashi yenyewe. Ukubwa utawaonyesha. Katika mfano wetu Ubuntu ni sda5 na EFI ni sda1. Katika kompyuta yenu majina yanaweza kuwa tofauti, kwa mfano nvme0n1p5, nanyi mtaandika ya kwenu.

Hatua ya nne: Andikeni mstari mmoja mmoja, mkibonyeza Enter kila mwisho wa mstari:

sudo mount /dev/sda5 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
sudo mount --rbind /dev /mnt/dev
sudo mount --rbind /proc /mnt/proc
sudo mount --rbind /sys /mnt/sys
sudo chroot /mnt
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-grub
exit

Mistari mitano ya kwanza inaunganisha nyumba iliyofungwa na flashi mliyoiwashia. Wa sita unawaingiza ndani. Wa saba unamrudisha bawabu mlangoni, na wa nane unampa orodha mpya ya wakazi. Hakuna mstari unaofuta mafaili ya mtu. Kwa kompyuta ya zamani isiyo na UEFI, mstari wa pili hauhitajiki, na wa saba unakuwa: grub-install /dev/sda, bila namba mwishoni.

Hatua ya tano: Zimeni, ondoeni flashi, washeni. Hakikisheni kwamba mifumo yote miwili inafunguka kabla ya kusema kazi imekwisha.

6. Kinga

Hatua hizi si ngumu kwa kijana aliyesoma teknolojia ya habari, na wengi wapo katika sharika zetu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vingine vya eneo hili. Waalikeni watumike. Lakini uwakili wenyewe ni wa kamati, na hauwezi kukabidhiwa kijana mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu lenyewe limo ndani ya kompyuta.

Tunaziomba sharika zote zifanye mambo manne. Mosi, nakala ya akiba ya mafaili yote kila mwisho wa mwezi katika diski ya nje inayotunzwa mahali pengine, si katika mfuko mmoja na kompyuta. Pili, zimeni ndani ya Windows tabia ya kulala nusu badala ya kuzima kabisa, kwa amri ya powercfg /h off, ili Ubuntu iweze kuyafikia mafaili ya Windows bila kuyaharibu. Tatu, akaunti ya kompyuta iwe kwa jina la usharika, na neno la siri lijulikane na watu wawili walioteuliwa na baraza. Nne, kompyuta isipelekwe kwa fundi bila mwanakamati kuwepo, wala bila maandishi yanayosema "usifute kitu". Kumbukeni kwamba orodha za watoto na wazazi wao ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuzilinde.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapotuma kompyuta, tumeni pia ufunguo wake wa tarakimu 48, au muiandae bila akaunti ya mtu binafsi. Zawadi ambayo ufunguo wake umebaki ng'ambo bado haijafika.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta ya usharika wetu ikigoma kuwaka kesho asubuhi, ni kumbukumbu zipi tutakosa, na nakala yake ya mwisho ni ya tarehe gani?

2. Nani aliiandaa kompyuta yetu, na kwa akaunti ya nani? Ufunguo wa tarakimu 48 uko wapi?

3. Soma 1 Mambo ya Nyakati 9:22–27. Mabawabu wakuu walikuwa wanne, nao waliaminiwa vyumba na hazina. Kwa nini dhamana hii haikuachwa kwa mtu mmoja? Sisi tumeiacha kwa nani?

4. Nani katika usharika wetu anaweza kujifunza hatua za kipengele cha 5 na kumfundisha mwenzake kabla ya robo ijayo?

Sharika zitakazohitaji flashi iliyotayarishwa zitume mjumbe ofisini na flashi tupu ya GB 8, tutamjazia siku hiyo hiyo. Mungu awabariki katika uwakili wenu.

Ofisi ya Miradi ya Dayosisi